Plastiki ya madirishani, dola 17: baada ya winta mbili

Kwa wenye haraka: hii plastiki ya kuzuia baridi dirishani, nunua. Nunua Oktoba, kabla fremu hazijawa baridi kiasi cha kukataa gundi. Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo ya tano nitasema ilikopotelea.

Mimi mtu wa Tanga. Baridi niliyoijua kabla ya kuja huku ni ya Lushoto, nayo niliiendea kwa matembezi, nikarudi zangu. Sasa nakaa Minneapolis, jimbo la Minnesota huko Marekani, na wanangu watatu, ghorofa ya chini ya nyumba kongwe ya mbao. Ina madirisha saba, yale ya kusukuma juu, kioo kimoja kimoja. Wenyeji bado wanaisimulia tarehe 30 Januari 2019, siku iliyofika nyuzi 28 chini ya sifuri kwa Farenhaiti, yaani 33 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Sikuwepo, na wala sikuitamani. Winta yangu ya kwanza katika nyumba hii ilinitosha: kioo cha chumba cha watoto kiliota barafu kwa ndani. Kwa ndani, mwenzangu! Kitinda mimba wangu akawa anaikwangua kwa kucha na kuilamba kabla ya kwenda shule.

Nilivyoona vile nikakimbilia hita ya umeme. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu la kwanza. Hita ile ni ya wati 1,500. Ukiiacha iwake kwa muda wa saa 8 imekula uniti 12, na mimi uniti moja nalipa senti 15 hivi. Fanya hesabu: dola 1.80 kwa usiku mmoja, zaidi ya dola 50 kwa mwezi, chumba kimoja tu. Na joto lenyewe unalinunua, linapita dirishani, linakwenda kuwapasha kunguru. Nilikuwa najaza maji kwenye pakacha.

Mwaka uliofuata, mwenzangu wa zamu ya usiku (tunatunza wazee) akaniambia habari ya plastiki. Nilidhani ananitania. Plastiki? Ile tunayofungia chapati? Lakini nikaenda duka la vifaa vya ujenzi, nikaikuta, kisanduku kidogo, dola 17, kimeandikwa kinatosha madirisha matano. Ndani mna plastiki nyembamba ajabu, imekunjwa kama doti ya kanga ambayo haijafunguliwa, na misokoto ya selotepu yenye gundi pande mbili. Basi. Sitaji kampuni kwa sababu nimejaribu aina mbili na sikuona tofauti.

Unabandika selotepu kuizunguka fremu ya mbao, unatandaza plastiki juu yake, kisha unaipuliza kwa draya ya nywele. Hapo ndipo raha ilipo. Plastiki iliyokuwa na makunyanzi kama uso wa bibi inaanza kujivuta, makunyanzi yanakimbilia pembeni, na baada ya dakika chache imekaza kama ngozi ya ngoma. Ukiigonga kwa kidole inalia. Kinachofanya kazi si plastiki hasa, ni ile hewa iliyofungiwa kati yake na kioo. Haina pa kwenda, imetulia tuli, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi.

Draya sina. Nywele zangu ni za kusuka, draya ya nini? Nikaenda kwa dada mmoja wa Kisumu mwenye saluni yake hapa jirani.

"Mama Zuhura," akaniambia, "hii draya ni ya kutafutia riziki. Wewe unataka kukausha madirisha?"

"Niazime Jumapili tu, dada. Itarudi na sambusa."

Ilirudi na sambusa kumi na mbili, za nyama.

Sasa lile ambalo kisanduku kinalisema kwa maandishi madogo na mimi nikalipuuza. Dirisha la kwanza nililibandika jioni, nimetoka kazini, nimechoka, fremu nimeipangusa kwa mkono wa sweta. Saa tisa usiku nikasikia kitu kinachanika taratibu, kama mtu anavua soksi ndefu. Nikawasha taa: upande wa juu wote umeachia, plastiki inaning'inia, inapumua kwa upepo. Gundi ilikuwa imeshika vumbi, haikushika mbao. Kesho yake nikaanza upya. Nikapangusa fremu kwa maji yenye siki, nikaikausha kwa taulo, nikaipuliza kwa draya mpaka ikawa vuguvugu, ndipo nikabandika selotepu na kuikandamiza kwa upande wa mgongo wa kijiko. Nikaiacha kidogo kabla ya kuvisha plastiki. Dirisha hilo lilikaa mpaka Aprili bila kutikisika. Kwa hiyo usilaumu bidhaa kabla hujalaumu kitambaa chako.

Kabla ya kubandika, tafuta upepo unapoingilia. Hapa nina ufundi wangu mwenyewe. Subiri siku yenye upepo, washa kijiti cha udi, kisha kipitishe polepole kandokando ya dirisha na mlango. Moshi ukipanda wima, pako salama. Ukiyumba, umepata tundu. (Chetezo cha makaa nilikijaribu mara moja, king'ora cha moshi kikapiga kelele hadi jirani wa juu akashuka na kandambili. Kijiti kinatosha, na kikae mbali na pazia na plastiki.) Hivyo ndivyo nilivyogundua kwamba mwizi mkubwa hakuwa dirisha la sebuleni nililokuwa nalituhumu, alikuwa mlango wa nyuma. Pale chini moshi ulilala kabisa.

Mlango huo sikuununulia kitu. Nilichukua kanga iliyochakaa, nikaishona bomba refu, nikaijaza vipande vya jinzi zilizowabana wanangu, na vikombe vitatu vya mchele uliokuwa umeingia wadudu, nilioulaza kwanza kwenye friza wiki nzima, ili bomba liwe zito lisiteleze. Wanangu wanaliita Nyoka. "Mama, Nyoka hajalala mlangoni!" ndiyo sala yao ya usiku. Gharama ni uzi tu. Makoti na mabuti nayo ni ya mitumba, nilinunua Agosti wakati watu wa huku wanafikiria ziwa na kuogelea. Ukingoja Novemba yamebaki ya saizi zisizo na mwenyewe.

Sasa matokeo. Nina kipimajoto kidogo nilichokiokota kwenye duka la mitumba, kinakaa mezani chumba cha watoto. Mwaka wa hita, alfajiri kilikuwa kinasoma 58 kwa Farenhaiti, hapo hita ya umeme imezimwa na ile ya nyumba nimeiweka 66. Mwaka wa plastiki, mipangilio ileile, kikawa kinasoma 62, siku nyingine 63. Kwa anayehesabu kwa Selsiasi, ni kutoka 14 hadi 17 hivi. Barafu ya ndani ilikwisha. Bili ilipungua, lakini sitakutajia kiasi nikaapa, maana Januari mbili hazina baridi moja. Ninachoweza kuapia ni kwamba hita ya umeme iko kabatini na sijaitoa tena.

Nyota ya tano ilipotea hivi. Kwanza, ukishabandika, dirisha halifunguki. Ukikaanga samaki Januari, utaishi naye mpaka Jumatano. La jikoni nimeliacha bila plastiki kwa sababu hiyo, na nakushauri ufanye vivyo hivyo. Pili, plastiki haivumilii penseli; kijana wangu wa kati alitaka kujua kama inatoboka, akapata jibu. Nimeziba kwa selotepu ya kawaida, linaonekana kama jicho lenye mtoto wa jicho. Tatu, na hili ndilo liliniuma, siku ya kuitoa nilivuta selotepu kwa nguvu ikaja na rangi ya fremu. Mwenye nyumba alikuja, akatazama, akasema atanikata kwenye amana. Mwaka wa pili nikapuliza selotepu kwa draya kwanza, ikalegea, nikaivuta taratibu kama plasta ya mtoto, na rangi ikabaki mahali pake.

Na dirisha la chumbani ndilo mlango wa pili nyumba ikishika moto. Binti yangu mkubwa nimemwonyesha: usihangaike na selotepu, ingiza ufunguo, chana, sukuma dirisha juu, tokeni. Tumelifanyia mazoezi kwenye dirisha moja siku ya kulivua.

Kwa wageni wa huku, neno la kando. Usipashe nyumba joto kwa jiko la mkaa wala kwa kuacha oveni ya gesi wazi, hata usiku mmoja. Hewa ya sumu inayotoka haina harufu na humkuta mtu usingizini. Minnesota sheria inataka king'ora cha hewa hiyo kiwe ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala, na mpangaji una haki ya kukidai. Pia upo msaada wa serikali wa bili za joto, mpangaji anaruhusiwa kuomba, na si mkopo. Na ukizidiwa, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili ipo kanuni ya kuzuia kukatiwa joto, lakini lazima upige simu kwenye kampuni mkubaliane utalipaje. Ukinyamaza wanakata. Mimi nilikaa mwaka mzima bila kujua, kwa aibu ya kuuliza tu.

Mwaka huu nimenunua visanduku viwili. Cha pili si changu. Yule dada wa saluni alikuja kwangu Februari kurudishiwa sahani yake, akakaa karibu na dirisha kwa nusu saa bila koti, kisha akaigonga plastiki kwa ukucha, ikalia. Wiki iliyopita amenipigia: madirisha yake ni manne, draya anazo tatu, na sambusa safari hii, anasema, atakaanga yeye.