Canova kabla ya marumaru: karatasi au udongo?

Antonio Canova (1757–1822), mchongaji wa Italia, alianza kazi zake kwa njia mbili: kuchora kwenye karatasi na kufinyanga sanamu ndogo za udongo.

Karatasi ilimpa wepesi. Kwa mistari michache alijaribu mkao: mkono ukae wapi, kichwa kiinamie upande gani. Asiporidhika, alichora tena pembeni. Michoro yake mingi imehifadhiwa Bassano del Grappa, mji wa kaskazini mwa Italia. Lakini mchoro huonyesha upande mmoja tu.

Hapo ndipo udongo unaposhinda, nami nasema hivyo bila kusita. Chukua sanamu yake ya Cupid, mungu wa mapenzi wa Warumi wa kale, na mpenzi wake Psyche, iliyoko Louvre, jumba la makumbusho la Paris. Mikono ya Psyche inafanya duara kuzunguka kichwa cha mpenzi wake, na mabawa ya Cupid yameinuka juu yao. Umbo kama hilo lazima ulizunguke. Udongo mbichi ulimruhusu kuugeuza, kuubonyeza, kung'oa kipande na kubandika kingine. Katika sanamu hizo ndogo bado zinaonekana alama za vidole na za vifaa vyake. Marumaru yake ni laini mno, huoni mkono wa mtu. Kwenye udongo unamwona akifanya kazi kwa haraka, akitafuta.

Baada ya hapo ilitengenezwa sanamu kubwa, ikamiminwa kwa plasta na kupigiliwa misumari midogo ya metali, ili wasaidizi wahamishe vipimo kwenye jiwe. Mguso wa mwisho aliufanya mwenyewe.