Hanesi tatu nilizovaa juu, na moja tu niliyobaki nayo

Wakuu salama. Kila nikipanda juu kuna mtu ananiuliza hanesi ipi nzuri, yaani lile vazi la mikanda linalokushika ukianguka kazini, mara fundi mpya mara supavaiza anayetaka kununulia vijana wake, sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja naandika yote hapa. Kazi yangu ni mapaa na minara, leo nipo kwenye mabati kesho nipo kwenye ngazi ya chuma, na mpaka sasa nimevaa hanesi tatu kwa muda wa kutosha kuzisema vizuri na kuzisema vibaya. Asiyependa kusoma mpaka mwisho aondoke na hili: sijawahi kuona hanesi iliyokatika mtu akiwa juu, ila nimeona watu wengi sana wamevaa hanesi wameilegeza kwa sababu inawauma. Kwa hiyo mi hanesi naipimia kwenye mapaja kwanza, mengine baadaye.

Ya kwanza ilikuja kwenye begi, kila kitu ndani, hanesi, lanyadi ya mita 2 (ile kamba inayounga hanesi na pale unapofunga), ndoano moja. Duka sitalitaja. Mikanda myembamba haina sponji, bizimu ni zile za chuma mbili unapitisha moja ndani ya nyingine, ukishafunga vizuri zinashika kweli sikatai, lakini ikifika mchana mapaja yanawaka moto na kila ukichuchumaa mkanda unakuingia. Sasa mtu anafanyaje? Analegeza. Siku hiyo nikageuka nyuma nikaona tuko watano juu ya paa na wote mikanda ya mapaja inaning'inia karibu na magoti kama suruali ya kurithi kwa kaka. Ukidondoka hivyo mwili unazama ndani ya hanesi kabla haijakushika, mkanda wa kifuani unapanda shingoni, na ile ya mapaja inakuja kukamatia katikati kwa kishindo, wanaume nadhani hapo sihitaji kueleza.

Kipimo ni rahisi. Kiganja kikiwa kimenyooka kipite kati ya mkanda na paja, ukikunja ngumi isipite. Pete ya mgongoni ikae katikati ya mabega, ikishuka kiunoni ujue umeivaa vibaya au sio saizi yako. Mkanda wa kifuani ukae kifuani, sio chini ya kidevu.

Kitu kingine kuhusu hiyo ya begi, lebo. Ilikuwa na herufi CE kubwa kabisa, ile alama ya kusema kifaa kimefuata sheria za Ulaya, na hakuna namba yoyote pembeni. Vifaa vya kuzuia kuanguka kwa sheria ya Ulaya ya 2016/425 viko kundi la 3, lile la hatari za kuua, na vikiwa vya kweli pembeni ya CE kunakuwa na namba 4 za taasisi inayokagua uzalishaji, mfano 0082. Pia iandikwe EN 361, EN ni viwango vya Ulaya na hiyo ndo ya hanesi ya mwili mzima, na tarehe ya kutengenezwa na namba yake ya pekee. Kama ni ya Kimarekani tafuta kiwango chao, ANSI Z359.11. Lebo tupu yenye CE peke yake mi siku hizi sigusi, na hata hiyo ningejua mapema nisingeigusa.

Ya pili nikasema acha nijipende kidogo, nikachukua nzito yenye sponji mabegani, sponji mapajani, mkanda mpana wa kiunoni na pete mbili za ubavuni. Wiki ya kwanza nilijiona mfalme. Kazi ya mnara ambapo unaegemea kwa nyuma mikono iwe huru hiyo ndo hanesi yake, zile pete za ubavuni unafunga kamba ya kuzunguka nguzo unakaa kama uko kwenye kiti. Ila kwenye paa la mabati jua likiwa kali ni adhabu, sponji inakunywa jasho, haikauki mpaka kesho, inanuka, na bizimu zake za kubonyeza zikiingia vumbi la simenti zinaanza kugoma, unabonyeza mara tatu ndo unasikia tik. Bizimu ya namna hiyo usiiamini kwa sauti peke yake, ivute.

Halafu hizo pete za ubavuni zina mtego wake. Nimemkuta jamaa amechomeka lanyadi yake ya kuzuia kuanguka ubavuni kwa sababu mgongoni haifikii bila msaada. Zile ni za kuegemea tu! Ukianguka umefungwa ubavuni unakunjwa kama karatasi. Wanaojua historia wanakumbuka zamani watu walipanda na mkanda wa kiunoni tu, na Marekani waliupiga marufuku kwa kazi ya kuzuia mtu anayeanguka kuanzia tarehe 1 Januari 1998, maana unakamata mwili mahali pabaya. Bado nauona huku na kule, hasa kwa wazee, na wazee ukiwaambia wanakwambia mi nimepanda miaka 30.

Ya tatu ndo niliyobaki nayo, Newton ya Petzl, wale Wafaransa. Imetengenezwa kama kizibao, unaivaa kama unavaa koti, mikanda haijifungi mafundo mkononi, na ina sehemu mbili za kufungia, mgongoni na kifuani. Kwangu hiyo ya kifuani ndo imeniuzia, nikipanda ngazi yenye kamba ya wima naiona kwa macho yangu mwenyewe imeshika, sihitaji kumwomba mtu aniangalizie mgongo. Haina raha ya sponji kama ile ya pili na haina pete za ubavuni, kwa hiyo kazi ya kuegemea nguzo haikufai, usije kunilaumu. Lakini ni nyepesi na toka asubuhi mpaka jioni sijailegeza.

Kabla sijaamua nilizijaribu zote tatu kwa kuning'inia, na hili naomba kila mtu afanye kabla hajalipia au angalau kabla hajapanda nayo. Tulifunga kwenye boriti ya chuma nzito, miguu ikawa kama sentimita 30 kutoka chini, stuli iko pale pale na mwenzangu kasimama pembeni muda wote, usifanye peke yako. Ya kwanza dakika haikufika nikaomba stuli. Mikanda ilibana mapaja mpaka vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi, na pete ya mgongoni inakuinamisha mbele ukiwa unaangalia chini kama mbuzi aliyebebwa. Ya pili nilikaa vizuri tu nikapiga stori. Ya tatu nikining'inia kwa mgongoni inabana kiasi, kwa kifuani unakaa wima na unapumua. Sasa fikiria uko juu, umeanguka, umezimia au huwezi kujisogeza, na hakuna aliyepanga atakushushaje. Damu inakwama miguuni hairudi vizuri moyoni, na mtu anaweza kufa akiwa ananing'inia salama kabisa. Ndo maana kuna vile vikamba vidogo vya kukanyagia, viko kwenye vifuko viwili ubavuni, unavifungua unaviunga unasimama juu yake kupunguza ule mbano. Havichukui nafasi, nunua.

Sasa kwenye lanyadi ndo watu wananunua bila kupiga hesabu, na mi nilikuwa mmoja wao. Ile lanyadi ya mita 2 yenye shokapu, yaani ule mkanda uliokunjwa na kushonwa ambao unachanika taratibu ukianguka ili usipate mshtuko mkubwa, kwa EN 355 inatakiwa isipitishe kilonewtoni 6, ukitaka picha ni kama uzito wa kilo 600. Safi. Lakini kuchanika kwake kunaongeza urefu, mpaka mita 1.75. Weka mita 2 za kamba, weka 1.75, weka mita 1.5 kutoka pete ya mgongoni mpaka nyayo, weka mita 1 ya akiba, unapata mita 6.25 kutoka pale ulipofunga kwenda chini. Mi nilikuwa napanda paa la mita 4! Nimefunga karibu na miguu yangu, nina lanyadi safi yenye lebo yote, na ningefika chini kabla haijamaliza kazi yake. Hata ningefunga mita 2 juu ya miguu bado nilihitaji mita 4.25 chini yangu.

Kwa paa fupi kama hilo bora kamba fupi ya kukuzuia usifike ukingoni kabisa, usianguke toka mwanzo, au ile inayojikunja yenyewe kama mkanda wa gari ukiifunga juu ya kichwa, inakamata mapema. Ila ukiilaza mlalo ikapita kwenye ukingo wa bati hakikisha imeandikwa inafaa kwa ukingo mkali, za kawaida sio za kazi hiyo.

Kama unahama hama chukua lanyadi ya miguu miwili, unafunga huu ndo unafungua ule. Ule mguu ambao hauutumii usiuchomeke kwenye pete ya ubavuni ya hanesi, unakuwa umeliruka shokapu na ukianguka mshtuko wote ni wako. Hanesi nzuri zina sehemu laini kifuani ya kuegesha ndoano, inaachia yenyewe ikivutwa kwa nguvu.

Na unapofunga je? Wamarekani wanataka pahimili uzito wa pauni 5,000 kwa kila mtu, zaidi ya kilo 2,200. Yaani hapo unapofunga uwaze pikapu nzima inaning'inia. Bomba la maji halimo, boriti ya dari halimo.

Uzito wako pia angalia. Shokapu nyingi za Ulaya zinajaribiwa kwa kilo 100, za Kimarekani kwa kawaida ni kilo 59 mpaka 140, na hapo ni wewe pamoja na nyundo, drili na misumari mfukoni. Mwenye mwili mkubwa aulize, na mwembamba sana naye aulize, maana shokapu linaweza lisichanike inavyotakiwa.

Mikanda ya nailoni au ya polista? Ukishika sana asidi, mfano maji ya betri, nailoni inaliwa. Polista inastahimili jua zaidi, ila alkali kali haiipendi, na simenti mbichi ni alkali, kwa hiyo ukimwagikiwa safisha siku hiyo hiyo kwa sabuni ya kawaida na maji ya uvuguvugu, anika kivulini. Wachomeleaji msivae hizi, cheche moja inatoboa, kuna za nyuzi za Kevlar, zinazostahimili moto, kwa ajili yenu. Helmeti nayo, ile ya kawaida ya saiti kamba yake ya kidevu imetengenezwa iachie kwa nguvu ndogo ili isikunyonge, ukianguka inaruka. Za kupandia milima, EN 12492, kamba inashikilia.

Kila asubuhi naikunja mikanda kama herufi U naitazama kidole kwa kidole, mishono huwa na rangi tofauti na mkanda, kwa hiyo uzi ukikatika unaonekana haraka. Ukaguzi rasmi wa mtu mwenye ujuzi ni angalau kila miezi 12, na Petzl wanasema vya nguo na plastiki mwisho ni miaka 10 toka kutengenezwa hata kama vinang'aa. Ikishakamata mtu mara moja tu imemaliza kazi.

Ile ya kwanza, ya begi, sikumpa mtu. Niliikatakata mikanda yote kwa grainda nikatupa, na bado kesho yake nikamkuta kijana mmoja anaokota ile pete ya mgongoni anauliza kama inaweza kushonwa tena.