Masomo ya farasi kwa mtoto asiyezungumza: uzoefu wetu Uingereza

Mwanangu ana miaka 9, ana usonji na hazungumzi. Anatumia kadi za picha na ishara za mikono za Makaton, mfumo wa kuwasiliana kwa ishara na picha, alizofundishwa shuleni. Wazazi wenzangu mlioko huku mmekuwa mkiniuliza kama masomo ya farasi yanafaa. Kwetu yamefaa sana, lakini chagueni kituo kwa makini.

Kwanza, hapandi farasi. Kazi yote hufanyika chini: kumpiga brashi, kumshika kigwe na kumwongoza kupita kati ya vigingi, kumpa nyasi kavu.

Kituo cha kwanza tulichojaribu, cha watu binafsi, kilikuwa kizuri kwa macho. Ila mhudumu alikuwa akiushika mkono wa mtoto na kuubandika kwenye shingo ya farasi. Mtoto anapiga kelele, naambiwa atazoea. Nikaacha kumpeleka.

Kituo cha sasa, kabla hata hatujaingia zizini, mwalimu aliniuliza: "Akikataa jambo, anaonyeshaje?" Nikamwonyesha ishara yake ya "basi". Akaifundisha timu nzima. Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia.

Farasi ni mnyama wa kuwindwa, kwa hiyo yuko macho muda wote. Macho yake yako kando ya kichwa. Anaona karibu pande zote isipokuwa pale mbele ya paji na nyuma kabisa ya mkia. Ndiyo maana watoto hufundishwa kumwendea kwa upande wa bega. Na masikio ndiyo ya kutazamwa: yakielekea kwako anakusikiliza, yakilala nyuma hataki.

Siku moja mwanangu alikuwa anampiga brashi jike mmoja mzee wa kijivu. Alipofika tumboni, masikio yakalala na mkia ukapigwa. Hakuna aliyesema neno. Mtoto akasimamisha mkono, akayatazama yale masikio, kisha akafanya ishara ya "basi" akimwonyesha mwalimu, kwa niaba ya farasi! Mwalimu akamjibu kwa ishara ileile, wakarudi begani. Nililia, na sioni haya kusema.

Hajaanza kuzungumza, wala sikumpeleka ili azungumze. Lakini akinyolewa nyumbani sasa anatoa ishara ya "basi" badala ya kuning'ata, nami nasimamisha mashine papo hapo. Anapumua, tunaendelea.

Mkianza kutafuta, waulizeni Riding for the Disabled Association, shirika la hisani lililopo tangu 1969, linalotegemea sana watu wa kujitolea. Vikundi vyake vimetapakaa nchini. Vingine vina masomo kama haya ya kumhudumia farasi bila kumpanda, vingine ni kupanda tu, kwa hiyo ulizeni kabla ya kujiandikisha. Mvalisheni mtoto buti imara, chukueni kadi zake zote, na ombeni siku ya kwanza aje kutazama tu kutoka nje ya uzio.