0 A.D.: mchezo wa bure wa falme za zamani, unafaa lapitopi zetu za huku Lubumbashi?

Jambo sana bandugu, karibuni tena. Leo tuko na 0 A.D., mchezo wa kompyuta wa falme za zamani, kuko Roma, Karthago, Sparta, Waajemi, Wahan wa China, na kuko Kushi, ufalme wa zamani wa kule Sudani, na hiyo Kushi njo imenifanya nirekodi hii video juu batu wengi nikiwatajia wananiangalia tu. Niseme mapema mawazo yangu: saa ya kwanza ni tamu sana, halafu basoda (askari wako) wakishakuwa wengi mchezo unaanza kukokota miguu, na pamoja na hayo bado nakwambia uchukue.

Bei kwanza, najua swali linakuja. Ni bure. Tena si bure ile ya kukuacha ucheze kidogo halafu ukifika mbele wanakuomba dola ya kununua upanga, hapana, bure yote mpaka mwisho. Watengenezaji ni Wildfire Games, batu wa kujitolea, walianza na wazo la kubadilisha Age of Empires II, mchezo mwingine wa aina hii, kisha wakaona bora watengeneze wa kwao, na tangu 2009 kodi yake, yale maandishi ya programu yenyewe, iko wazi kwa kila mtu. Mimi niko nacheza toleo la Alpha 26, lile la 2022. Inapita giga moja, kwa hiyo subiri forfe (bando) ya usiku, usije ukamaliza mega za nyumba nzima halafu yaya wako akutafute. Ila ukishaiweka, intaneti ndiyo basi, unacheza bila hata kuwasha wifi. Na uwe na desturi ya kuseivu kila mara, umeme wetu mnaujua, delestaje haiulizi kama uko katikati ya vita.

Halafu hilo jina ni kama kusema mwaka 0 baada ya Kristo, lakini mwaka sifuri haujawahi kuwepo, kalenda inatoka mwaka 1 kabla ya Kristo inaingia moja kwa moja mwaka 1 baada yake. Walilichagua kwa makusudi. Tuendelee.

Angalieni hapa kwenye ekra. Nimechukua Kushi, nimeanza na jengo la katikati, bamama wachache, basoda wachache na farasi mmoja. Bamama nawatuma kwenye yale matunda ya karibu, basoda nawapeleka kukata miti, farasi anaenda kuwinda. Shi mnaona? Basoda wanakata miti! Hapa njo penye utamu wa huu mchezo, soda wako ni raia pia, anachimba mawe, anabeba mbao, anajenga nyumba, adui akitokea anaacha shoka anashika mkuki. Sasa fikiria, adui amekuja na batu kumi tu, wewe kwa hasira unaita kila mtu, unashinda vizuri kabisa, unarudi nyumbani unakuta mbao haziko, mawe hayako, na wakati wewe unapigana yule mwingine alikuwa anajenga. Umeshinda vita umeshindwa mchezo. Na soda akipigana sana anapanda daraja, anakuwa mkali zaidi, lakini kazi za mikono zinaanza kumshinda, kwa hiyo wale wazee wa vita usiwarudishe porini kukata miti, waache wapigane, kazi wape wageni.

Mashamba nayo yana akili yake, shamba moja linaingiza batu watano, na kila unayemuongeza anavuna kidogo kuliko aliyemtangulia. Usifanye haraka ya vita, mimi nalima kwanza.

Kitu kimoja kinanichekesha kama mtoto wa Katanga. Mali ya mchezo ni nne: chakula, mbao, mawe na metali. Metali, basi! Shaba, chuma, dhahabu, vyote rundo moja. Sisi ambao wazee wetu walikuwa wanayeyusha shaba wanaifanya misalaba ya kufanyia biashara, unatuambia “metali”? Na ubaya zaidi ni kwamba Meroe, mji mkubwa wa Kushi, ulijulikana kwa kuyeyusha chuma, mabaki ya ile kazi yamelala pale Sudani mpaka leo kama vilima. Hapo wangeweza kuwapa Kushi kitu chao peke yao. Wamewapa wapiga mishale, na hiyo ni sawa, juu Wamisri wenyewe walikuwa wanaiita ile nchi Ta-Seti, nchi ya upinde. Wamewapa na tembo wa vita, na piramidi zile nyembamba zenye ncha kali, zimechorwa vizuri mpaka nasimamisha mchezo niziangalie.

Na kuko mama mmoja, Amanirenas. Huyu ni shujaa unayemtoa ukishakuza mji wako mpaka daraja la mji mkubwa, na si hadithi ya kutunga, alikuwa malkia wa kweli. Mnamo mwaka 25 kabla ya Kristo batu wa Kushi walishuka wakapiga Waroma pale Aswan, kusini mwa Misri, wakabeba sanamu za Kaizari Augusto. Kichwa cha sanamu moja ya bronzi wakakizika chini ya ngazi za hekalu Meroe, kila anayeingia kusali anamkanyaga Kaizari! Kilichimbuliwa 1910, sasa kiko British Museum kule London. Mgiriki Strabo aliandika malkia wao alikuwa na jicho moja. Waroma nao walirudi wakaibomoa Napata, mji mwingine wa Kushi, lakini mwishowe walikaa kuzungumza amani na Augusto akawaondolea ushuru. Ukiyajua haya, kumtoa Amanirenas dhidi ya Roma kunakuwa na ladha nyingine, mimi kila mara nachagua Roma kama adui, sibadilishi.

Haya, ubaya. Ile akili ya kompyuta unayopigana nayo inaitwa Petra, kwenye daraja la chini inalala, ukipandisha inakuvamia mapema kabla hujamaliza nyumba ya pili, anayeanza aanze chini bila aibu. Hakuna kampeni ya kweli yenye hadithi ya kufuata hatua kwa hatua, kama unapenda kuongozwa utachoka. Na ule mwendo niliosema, lapitopi yangu ina ramu giga 4, jeshi likijaa pande zote unabonyeza soda aende kulia anafikiria kwanza. Wakati mwingine wanabanana kwenye mlango wa ukuta, mmoja anasukuma mwingine, hakuna anayepita, na mishale inashuka juu yao. Dawa yangu: kwenye mipangilio kabla ya kuanza punguza idadi ya batu, chagua mapa ndogo, adui mmoja. Mchezo unarudi kuwa mwepesi.

Kizuri cha mwisho, mnaweza kucheza wawili bila intaneti kabisa, mmoja anafungua partaje (hotspot) kwenye simu, lapitopi zote mbili zinaingia humo, mwenye mechi anatoa namba ya IP, ile anwani ya lapitopi yake, mwenzake anaiandika, mmeanza. Mchezo wenyewe hauli mega hata moja. Bana UNILU, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pale homu kwenye mabweni, hii ni yenu kabisa.

Aliye kwenye komini zetu za hapa Lubumbashi, Kenya, Katuba, Kamalondo ama Ruashi, na ana lapitopi aandike kwenye komenti, tupange mechi ya Jumamosi. Kila mtu achague ufalme anaotaka, ila Kushi nimeshaichukua mimi, na atakayekuja na Wamaurya wa India kwa ajili ya wale tembo wao tutamweka na Petra wacheze wawili.