Tahadhari: "Dawa ya rimu" ya chupa za soda hapa Nakuru

Wenye magari na vijana wa kuosha magari, kuna mtu anayezunguka upande wa Pipeline akiuza "dawa ya rimu" ya rangi ya zambarau, iliyotiwa katika chupa za soda za nusu lita zisizo na lebo yoyote, kwa shilingi 350. Anaapa kwamba haina asidi na kwamba ile rangi ndiyo inayokula vumbi la breki. Niliinunua Jumamosi, na rimu zangu mbili zimeharibika.

Rangi yenyewe ilitosha kunishtua. Dawa ya kweli ya vumbi la breki isiyo na asidi kali huwa na kemikali iitwayo thioglikoleti, nayo kwa kawaida hugeuka zambarau pale tu inapokutana na chembe za chuma zilizokwanguka kutoka kwenye diski za breki. Tena hunuka kama yai viza. Hii ilikuwa zambarau tangu chupani, na ilichoma pua kama siki kali.

Muuzaji alipoinyunyizia kwenye rimu, vipovu vidogo vilichemka kila mahali vanishi ilipokuwa imechubuka, naye akatuonyesha kwa kidole, akisema huo ni uchafu unaotoka. Kumbe ilikuwa ni asidi ikila aluminiamu, na vile vipovu ni gesi ya haidrojeni. Rimu zilipokauka zilibaki na ukungu mweupe usiotoka hata kwa polishi. Jioni nilidondosha matone machache kwenye sakafu ya saruji, nayo yakachemka vilevile.

Sikatai kwamba asidi ina kazi yake kwa uchafu sugu, mradi ichanganywe na maji kama lebo inavyoeleza, rimu iwe baridi na vanishi yake nzima, na isuuzwe kabla haijakauka. Dawa zenye soda kali (kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni) huondoa grisi vizuri zaidi, ingawa nazo hula aluminiamu iliyo wazi.

Kinachoniogopesha zaidi ni mikono ya vijana wetu, maana wengi hawavai glavu. Baadhi ya asidi za rimu zina floraidi, ambayo huweza kupenya ngozi bila kuuma papo hapo, maumivu makali yakaja saa kadhaa baadaye, na tiba yake ni dawa maalumu ya kalisiamu. Aliyeguswa na kitu hiki asuuze kwa maji mengi na aende hospitali mara moja, hata kama hasikii maumivu.

Namba ya simu aliyoniachia haipatikani tangu Jumapili. Chupa yangu bado ninayo, imebaki robo, kwa yeyote aliyeuziwa anayetaka kulinganisha.