Miezi sita na dawa ya mkojo wa paka kwenye zulia: kumbe mkosaji nilikuwa mimi

Wiki ya kwanza niliona nimeibiwa. Nilinyunyiza, nikafuta, nikalala nikiwa na matumaini, na asubuhi sebule ikanuka palepale, tena kuliko jana. Malalamiko yangu yalikuwa yameshajipanga kichwani, nyota moja na maneno ya moto. Kilichoniokoa ni kusoma yale maandishi madogo ya nyuma ya chupa kabla sijamtukana mtu.

Ninazungumzia dawa za vimeng'enya, zile zinazotengenezwa mahususi kwa uchafu wa wanyama wa nyumbani. Nimetumia za watengenezaji wawili tofauti na sikuona cha kuzitenganisha zaidi ya harufu ya manukato yaliyotiwa humo, kwa hiyo haya ni maoni yangu juu ya aina yenyewe ya dawa, si juu ya chapa fulani.

Mhusika mkuu ni Kaniki, paka dume mweusi tii, miaka 13, amehasiwa zamani. Maisha yake yote alitumia sanduku lake la mchanga kwa adabu, kisha ghafla akaihamia kona ya nyuma ya kochi. Nilimgombeza sana, na hilo linaniuma mpaka leo, maana daktari wa mifugo alipompima alikuta kibofu kimevimba. Kama paka wako ameanza kukojoa ovyo bila sababu, mpeleke akapimwe kabla ya kwenda kutafuta dawa za zulia. Na kama ni dume, anachuchumaa, anajikamua na hakitoki kitu, usingoje kesho. Njia ikiziba anaweza kufa.

Kaniki alitibiwa akapona. Kona haikupona. Aliendelea kuirudia, kwa sababu pua yake ilimwambia pale ndipo msalani. Nami nilikuwa nimeshafanya kila kosa linalowezekana: sabuni ya unga na maji ya moto, siki, beking soda, manukato ya hewa, na hata dawa ya kusafishia vioo iliyokuwa na amonia ndani. Hiyo ya mwisho ndiyo upumbavu wa kupindukia. Mkojo ukikaa, bakteria huigeuza yurea iliyomo kuwa amonia. Kumwagia amonia nyingine juu yake ni kumwekea paka kibao cha kumwelekeza. Dawa ya klorini sikuigusa, na wewe usiiguse: ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi inayochoma macho na mapafu, mbali na kulibabua zulia.

Sasa kwa nini sabuni haikufua dafu? Kwenye mkojo kuna vitu vingi ambavyo maji yanavichukua bila shida, lakini kuna na asidi ya yuriki, ambayo ikikauka inakuwa fuwele ndogo ndogo zisizoyeyuka kirahisi majini. Unaosha, panakauka, unajipongeza. Siku hewa ikiwa na unyevunyevu, harufu inafufuka. Paka ana nyongeza yake pia, kitu kinachoitwa felinini, chenye salfa, ambacho kikivunjika ndicho kinachotoa ule ukali unaomjulisha mgeni tangu mlangoni kwamba humu kuna paka. Vimeng'enya kazi yake ni kuvikatakata vitu hivi vipande vidogo visivyonuka. Hilo linahitaji muda na unyevu; dawa ikikauka, kazi imesimama.

Na hapo ndipo nilipokosea. Nilinyunyiza juu juu kama mtu anayejipulizia manukato, nikasubiri dakika tano, nikafuta. Sawa na kujikuna mguu juu ya kiatu. Siku nilipobandua kona ya zulia nikaitazama sponji iliyotandikwa chini yake, nilikaa kimya kidogo. Juu doa lilikuwa la ukubwa wa kisahani cha chai. Chini lilikuwa sinia, njano, na mipaka yake kama ramani. Mkojo unashuka na kutanuka kadiri unavyokwenda chini, na dawa lazima iufuate mpaka huko ulikofika.

Mara ya pili nilifanya ilivyoagizwa. Kwanza nilisuuza kona kwa maji matupu na kuyafyonza kwa taulo, mara tatu, ili kuondoa mabaki ya sabuni na yale madudu mengine niliyomwaga, kwa sababu yanaweza kuviharibu vimeng'enya. Kisha nikamimina dawa, sikunyunyiza, nikavuka mipaka ya doa kwa upana wa kiganja pande zote. Nikafunika kwa plastiki nikaiacha saa 24. Nusu chupa ilikwenda hapo hapo, nami nikiitazama kwa uchungu. Nilipofunua, harufu ilikuwa mbaya kuliko mwanzo, na siku mbili zilizofuata nilitembea na shingo upande. Siku ya tatu pakaanza kutulia. Nikarudia mzunguko mmoja tena, na wiki ilipoisha nilipiga magoti nikanusa zulia kwa makusudi, pua imegusa nyuzi. Hakuna kitu.

Nilinunua pia tochi ya mwanga wa urujuanimno, ambao unafanya mkojo uliokauka ung'ae gizani. Taa zilipozimwa nikakuta madoa mengine manne. Matatu yalikuwa ya Kaniki. La nne nilihangaika nalo siku mbili na robo chupa, kumbe ni sabuni ya kufulia iliyomwagika, nayo inang'aa vilevile kwa sababu ya vile vitu wanavyotia ili nguo nyeupe zionekane nyeupe zaidi. Nilimwomba mzee wa watu radhi. Siku hizi tochi inanionyesha pa kunusa, na pua ndiyo inayoamua.

Kwa mkojo mbichi mambo ni mepesi mno. Taulo kavu, unasimama juu yake kwa uzito wako wote, unageuza upande mkavu, unasimama tena. Usisugue, kusugua kunasukuma chini na kuzichakaza nyuzi. Ukishafyonza kiasi hicho, dawa ya kulowesha vizuri na robo saa hivi inatosha. Kama ningekuwa na chupa hii kabatini siku ya kwanza, nusu ya kisa hiki isingekuwepo.

Mwezi wa nne tukamleta mtoto wa mbwa, nikapata nafasi ya kuipima dawa kwa mengine. Kinyesi kigumu hakihitaji maelezo. Cha kuharisha unakizoa kwa kadi ngumu kutoka pembeni kwenda katikati, ndipo dawa iingie, na kwenye harufu haikuniangusha. Matapishi ndiyo yaliyoishinda. Harufu iliondoka, lakini ile njano ya nyongo na rangi nyekundu ya chakula chake cha punje vilibaki, na vipo hadi ninapoandika. Vimeng'enya havitoi rangi. Chupa inajisifu kwamba inaondoa "madoa yote", na kwa uongo huo nimekata nyota.

Kasoro nyingine: kinyunyizio kinavuja shingoni hata ukikaza vipi. Manukato ya limau ya bandia yalimfanya Kaniki apige chafya, na yananipumbaza mimi mwenyewe nisijue kama harufu imekwisha au imefunikwa tu; tafuta isiyo na manukato. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu chupa iliyozeeka huenda ni maji tu. Na kama zulia lako ni la sufu au hariri, soma lebo mara mbili. Hizo ni protini, na kimeng'enya cha kukata protini hakijui kutofautisha uchafu na zulia. La kwangu ni la nailoni. Niliijaribu kwanza kwenye ukingo ulio chini ya kabati, rangi haikubadilika.

Kona ya kochi imetulia, Kaniki amerudi kwenye sanduku lake. Doa moja tu lilinishinda, karibu na mlango, ambako mkojo ulikuwa umelowa miezi hadi sponji ikaanza kumeguka. Pale nilikata kipande cha sponji nikakitupa, nikaisafisha sakafu kwa dawa ileile, nikatandika kipande kipya. Ninawapa nyota nne. Chupa ya sasa ni dumu la lita 5 lisilo na manukato wala kinyunyizio, maana sinyunyizi tena, namimina.