Forodhani: pweza mtamu, ila nyota tano nazitoa kwa bustani

Wengi wakiizungumzia Forodhani, ile bustani ya Mji Mkongwe Zanzibar, wanaishia kwenye pweza na Zanzibar pizza. Sawa, urojo wa pale mtamu kweli, na juisi ya muwa wanaikamua na ndimu na tangawizi huku unaona, lakini mi nataka niisifie bustani yenyewe. Fikirieni, ufukwe wa Mji Mkongwe kabisa, nyuma yako Beit al-Ajaib (lile Jumba la Maajabu) na Ngome Kongwe, kiwanja kama kile kingeuzwa bei gani, na bado mtu yeyote anaingia bure anakaa na wanawe hadi usiku, vijana wa makachu wanajirusha baharini, hakuna anayekuuliza umeagiza nini.

Hii haikuja yenyewe jamani. Zamani palikuwa eneo la forodha, bustani ikatengenezwa 1936 kwa jubilii ya miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, baadaye ikachakaa vibaya mpaka shirika la utamaduni la Aga Khan Trust for Culture wakaikarabati, ikafunguliwa tena 2009 ikiwa na ukuta wa bahari mpya, mitaro, taa, njia za kupita na sehemu ya wauza chakula. Na kuna mpango wa hifadhi wa 1994, kuna Mamlaka ya Mji Mkongwe, halafu tangu 2000 mji wote uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kwa hiyo huwezi kuamka tu ukachimba msingi pale.

Wasiwasi wangu ni kwamba tukisema urithi tunawaza milango ya nakshi na roshani tu, bustani tunaiona kama nafasi tupu inayosubiri kujazwa. Ule uwazi ndo urithi wenyewe! Ukisimama mbele ya Beit al-Ajaib unaiona bahari, na ukija na boti unauona mji, sasa leo ukiruhusu kibanda cha kudumu, kesho bango, keshokutwa mti ukatwe kupisha meza, hakuna hata kimoja kitakachoonekana kikubwa lakini bustani itakuwa imekwisha. Natamani kila mti, njia na eneo la meza viandikwe kwenye ramani ya mipango miji kama nyumba zinavyoandikwa, na mtu akitaka kubadili chochote wakazi waulizwe kwanza.

Chakula nyota tatu, mishkaki mingine inakaa muda mrefu mezani, chagueni inayochomwa mbele yenu na bei muulize kabla haijawekwa kwenye sahani.